Kila mtoto na swali lake: turudi kwa ile maneno ya tableti

Kwa mkutano wa wazazi hapa Kisumu muhula uliopita kulikuwa na moto. Mwalimu wa hesabu wa gredi ya sita alileta ombi, kila mzazi achange shilingi 50 kwa mwezi ya bando ndio zile tableti 12 za shule zianze kutumika na programu ya mtandaoni, inampima mtoto halafu inampa maswali ya kiwango chake, akiweza inampandisha, akikwama inamrudisha nyuma kidogo. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Sasa mwalimu atabaki akifanya nini?" Watu wakapiga makofi na ombi likafia hapo.

Swali la huyo mzee bado ninalo kichwani, kwa sababu si la mtu asiyejua mambo. Kuanzia 2016 serikali ilisambaza vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma, na kuna shule naijua mimi vilikaa kwa kabati ya chuma mpaka betri zikafa, juu hedimasta aliogopa vikiibwa atalipa yeye. Peru nao waligawa laptop kwa watoto, watafiti walipopima shule 319 hawakuona hesabu ikipanda wala kusoma. Halafu kuna stima ya kupotea, na mama anayeuza omena soko la Kibuye akiwa na watoto wanne shuleni, hiyo 50 mara nne ni unga. Na 2020 shule zilipofungwa tulijionea wenyewe nani alisoma kwa simu na nani alikaa tu nyumbani mpaka Januari 2021.

Yote kweli, na bado naona siku hiyo tulikataa kitu hatukukisikiza. Sisi tulisikia tableti, mwalimu alikuwa anaongea kuhusu kiwango.

Wacha nirudi Busia, juu hii hadithi ni yetu na huku kwetu ni wachache wanaoijua. Miaka ya tisini, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za Busia na Teso, zingine zikapewa vitabu vya bure, zingine zikangoja. Wakati huo darasa nzima lilikuwa na vitabu vichache vya kugombania, kwa hivyo kila mtu alijua jibu: ukileta vitabu alama zitapanda. Wastani haukupanda. Waliopanda ni wale tu walikuwa tayari juu, wale wengine kitabu kiliwapita kama gari ya Nairobi. Na sababu haikuwa uvivu, kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi pale, na kiliandikwa kwa mtoto ambaye hajabaki nyuma. Nimefikiria hiyo kitu sana. Tulikuwa tunampa mtoto kitabu, tunaona ameshika kitabu, tunarudi nyumbani tumeridhika, kumbe kwake ni karatasi tu.

Mtoto wa dada yangu yuko gredi ya sita. Daftari yake ya hesabu ni safi kabisa, tiki kila ukurasa. Jioni moja nikamuuliza 42 toa 17, akaanza kuhesabu vidole, akapata 35. Ndio nikaelewa zile tiki ni za kunakili ubaoni, darasani wako kwa sehemu na desimali na yeye alibaki gredi ya tatu na hakuna mtu amejua, na mwalimu ana watoto 58, madaftari 58, usiku mmoja, angejuaje?

Hapo ndipo naona hii programu ina maana, na sitaki mtu aseme ni mambo ya Wazungu. Bungoma na Butere-Mumias kufundisha mtoto kwa kiwango chake kulishafanyika bila kifaa chochote. Esther Duflo, Pascaline Dupas na huyo huyo Kremer walichukua shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa nusu yake watoto wakagawanywa kulingana na kiwango, nusu ingine wakachanganywa tu. Waliogawanywa walipanda, walio juu na walio chini wote, na mwaka mmoja baada ya mradi kuisha tofauti ilikuwa bado iko. Lakini hapo kulikuwa na mwalimu wa ziada, na sisi tunajua kupata mwalimu wa ziada ni hadithi gani. Programu haiwezi kuwa huyo mwalimu ila ile kazi ya kujua nani amekwama wapi inaiweza, na inaifanya dakika hiyo hiyo mtoto akijibu.

Delhi walijaribu programu inaitwa Mindspark, watoto wa madarasa mbalimbali, wale wa la sita walikuwa nyuma karibu miaka miwili na nusu kwa hesabu, na kwa miezi minne na nusu walipanda vizuri sana. Ila nusu ya muda walikuwa na mtu anawafundisha kwa kikundi kidogo, kwa hivyo anayekuambia ni kompyuta peke yake ilifanya hiyo kazi anakudanganya. Mimi hiyo nusu ya pili ndio naipenda. Mzee aliuliza mwalimu atabaki akifanya nini, si atakuwa ameketi na wale tisa wanaohesabu vidole, wakati 12 wako kwa tableti na wengine wanafanya zoezi.

Kile kinanisumbua kweli ni lugha. Nyingi ya hizi programu zinaongea Kiingereza, hesabu za dola na senti, na mtoto wa mtaa wa Manyatta anaongea Dholuo nyumbani, hapo tunaweza kurudia kosa la Busia na skrini juu yake. Na bando pia hatukuuliza vizuri, kuna programu kama Kolibri inayofanya kazi bila intaneti, masomo yanawekwa kwa kompyuta moja na tableti zinachukua hapo.

Muhula huu mkutano uko tena. Mimi 50 yangu nitatoa, lakini kwanza nitamuuliza mwalimu kama ameangalia hiyo njia ya bila bando, na kila mwisho wa mwezi atusomee ni watoto wangapi wamehama kiwango, hata kama ni wawili.