Begi Tupu Mgongoni mwa Askari

Mjomba wangu alitumikia jeshi miaka mingi. Siku niliyomwomba tuangalie pamoja filamu ya vita, hakusema neno kuhusu milipuko wala damu. Askari walikuwa wanapanda mlima mbio, muziki umepamba moto, na mimi moyo unanidunda. Yeye akanyoosha kidole kwenye kioo: "Mpwa wangu, hebu tazama begi la huyo wa mbele." Nikatazama. Lilikuwa linarukaruka mgongoni kama puto. "Hilo limejazwa sponji. Mwenye mzigo hapandi hivyo. Anainama, anauvuta mkanda kwa dole gumba usimkate bega, na wala hakimbii."

Tangu hapo kila begi la askari nalitazama. Najua wengi huona mambo haya ni ya washabiki wa vyuma, watu wanaosimamisha picha ili wahesabu magurudumu ya kifaru. Mimi naona mambo madogo ndiyo yanayobeba ukweli wa vita, ila hayalingani uzito. Yapo ninayoyasamehe bila kinyongo, na yapo yanayoniudhi hadi leo.

Vifaru nasamehe. Katika filamu ya Patton ya 1970, vifaru vya Wajerumani ni vya Kimarekani vilivyoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Katika Battle of Britain ya 1969, ndege za kivita za Wajerumani zilitengenezwa Hispania na zinaendeshwa na injini ya Rolls-Royce Merlin, ukoo uleule wa injini uliorusha Spitfire, ndege za kivita za adui wao Waingereza. Tiger, vifaru vizito vya Wajerumani mnavyoviona katika Saving Private Ryan ya 1998, zilijengwa juu ya mwili wa vifaru vya T-34 vya Kisovieti. Mngetaka wafanyeje? Ziliundwa Tiger zaidi ya 1,300, na zilizobaki duniani zinahesabika kwa vidole. Ile iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, ambayo bado inatembea, inatunzwa katika jumba la makumbusho la vifaru huko Bovington, Uingereza, na iliazimwa kwa ajili ya filamu ya Fury ya 2014. Mtengeneza filamu asiyeipata hiyo ataazima nyingine aipake rangi. Kijana aliyejificha shimoni anaogopa vilevile.

Nisichosamehe ni risasi zisizoisha. Fanya hesabu mwenyewe. Bunduki ya AK-47 inafyatua takriban risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde, na magazini yake ya kawaida inabeba 30. Ukikandamiza kifyatulio bila kuachia, sekunde 3 tu imekwisha. Niliwahi kurudisha nyuma tukio moja nikiwa na saa mkononi: shujaa alimimina risasi sekunde 11 bila kupumzika, kisha akageuka akamimina upande wa pili.

Hapo bajeti si kisingizio, kwa sababu kubadilisha magazini hakugharimu chochote. Na ndani ya sekunde hizo za kubadilisha ndimo vita vyenyewe vilimo. Mtu anajibanza, anapapasa mkanda wake, vidole vinatetemeka, magazini inagoma kuingia, anapiga kelele mwenzake amlinde. Askari wa Marekani waliobeba bunduki ya M1 Garand katika Vita Kuu ya Pili walikuwa na risasi 8 tu katika kila kishikizo, na ya mwisho ilipofyatuliwa, kile kichuma kiliruka nje kwa mlio wa "ping". Ukimwondolea askari hesabu ya risasi zake, umemwondolea hofu. Anayebaki ni mchezaji, na mtazamaji kijana anaondoka akidhani vita ni suala la ujasiri na misuli.

Guruneti nalo hulipuka kwenye filamu kwa tufe kubwa la moto, moto ambao kwa kawaida ni wa petroli. La kweli hutoa kishindo, vumbi na moshi, na kinachoua ni vipande vya chuma ambavyo jicho halivioni. Na bomu likilipuka umbali wa kilomita moja, utauona mwako kwanza, kishindo kikufikie baada ya kama sekunde 3, maana sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukimya huo wa sekunde 3 unatisha kuliko kelele yoyote. Sielewi kwa nini waongozaji wanautupa.

Wapo waliojali. Wolfgang Petersen, alipotengeneza Das Boot, filamu ya mwaka 1981 kuhusu nyambizi ya Wajerumani, aliwazuia waigizaji wake wasiote jua ili nyuso zipauke kama za mabaharia waliokaa wiki nyingi ndani ya nyambizi. Ndani ya ile nyambizi ya kuigiza nafasi ilibanwa kama ya kweli, mpiga picha akalazimika kukimbia na kamera mkononi, akijipenyeza katika matundu yaleyale. Ukiitazama unabanwa kifua, na hakuna aliyekueleza kwamba mahali ni padogo.

Sasa nije kwenye filamu inayoniuma, Zulu ya 1964, kuhusu mapigano ya Rorke's Drift, katika Afrika Kusini ya leo, ya Januari 22 na 23, 1879. Walinzi wa Kiingereza wapatao 150 walizingirwa na Wazulu zaidi ya 3,000. Filamu inamwonyesha askari Henry Hook kuwa mvivu, mlevi anayejifanya mgonjwa. Hook wa kweli alikuwa askari mwenye nidhamu, hagusi pombe, na alikuwa miongoni mwa 11 waliotunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa mapigano yale. Kosa la kifaru linarekebishwa kwa tanbihi ya mstari mmoja. Jina la mtu likichafuliwa mbele ya mamilioni, nani atapita nyumba kwa nyumba kulisafisha?

Na kuna mwisho wake. Wazulu wanarudi kilimani, wanaimba, wanawapigia saluti Waingereza kama mashujaa wenzao, kisha wanaondoka. Ni tukio zuri sana. Halikutokea. Wazulu waliondoka wakiwa wamechoka na wana njaa, na kikosi kingine cha Waingereza kilikuwa kinakaribia.

Nilimwonyesha mjomba mwisho huo bila kumwambia lolote. Alitazama saluti, akatazama uwanja uliojaa miili, akauliza, "Hawa wote wamekufa? Majeruhi wao wako wapi?" Mimi nilikuwa nimeiona filamu ile mara nne na sikuwahi kujiuliza. Jibu limo katika vitabu vya historia: Wazulu waliolala pale wakiwa majeruhi, wasioweza kuwafuata wenzao, waliuawa palepale baada ya mapigano kwisha. Filamu inakaribia saa mbili na nusu, na hawamo hata kwa sekunde moja.