Milioni 20, na Yule wa Nakivale

Kila kesi ya utakatishaji fedha inapotangazwa Kampala, lawama hurudi kwenye nafuu zilizomo katika sheria, yaani masharti yaliyolegezwa kwa miamala midogo au kwa wasio na vitambulisho: eti ndizo zinazowafaa wahalifu, basi ziondolewe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2013 dhidi ya utakatishaji fedha inaitaka benki iripoti kila muamala wa fedha taslimu unaozidi shilingi milioni 20, na mwenye milioni 90 za wizi hulijua hilo vizuri. Huzigawa mafungu matano ya milioni 18, akatuma vijana watano wenye vitambulisho halali kwenye matawi matano, na kabla ya wiki kwisha fedha zote zimekutana katika akaunti moja na kulipia kiwanja.

Wanaodai kiwango kishushwe, hata hivyo, hawasemi kwamba kimekuwa kikishuka chenyewe. Milioni 20 zilizidi dola 7,500 sheria ilipopitishwa. Leo hazifiki dola 6,000. Tarakimu ni ileile, lakini kadiri shilingi inavyopungua nguvu ndivyo wachuuzi wa jumla wa Kikuubo, eneo la maduka mjini Kampala, wanaopeleka benki mauzo yao halali, wanavyozidi kuingia katika rundo la taarifa, na mpelelezi anayetafuta jina moja la mwizi analazimika kupekua majina ya watu waliokuwa wakiuza sukari na sabuni. Kukishusha tena ni kuliongeza rundo hilo. Isitoshe, sheria hiyohiyo inataka muamala wowote wenye kutia shaka uripotiwe, uwe mdogo kiasi gani. Kwa hiyo yule wa mafungu matano hakusamehewa na kifungu chochote. Alipita kwa sababu hakuna aliyeyaunganisha mafungu yake.

Tazama sasa nafuu inayolaumiwa zaidi. Kambini Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mkimbizi kutoka Kongo hana kitambulisho cha taifa wala pasipoti. Ana hati ya familia ya ukimbizi, iliyokunjwa mara nne na kuhifadhiwa katika mfuko wa nailoni, na tangu mwaka 2019 hati ya namna hiyo imekubaliwa katika kusajili laini ya simu. Kwa laini hiyo hupokea shilingi 30,000 kutoka kwa nduguye, wakala akaandika kiasi na namba katika daftari lake. Ni kweli matapeli hununua laini zilizosajiliwa kwa majina ya maskini, na anayeibiwa kwa laini hizo ana haki ya kukasirika. Lakini ukimnyima mkimbizi laini, fedha za nduguye zitasafiri vilevile, mkononi mwa dereva wa basi, ambako hakuna daftari wala namba ya kufuatilia.

Pa kukaza ni kwenye akaunti inayopokea: mafungu matano yanapomfikia mtu mmoja ndani ya wiki moja, benki yake ndiyo iulizwe kwa nini ilinyamaza.