Mjomba, hilo gari halina matairi

Kazi yangu ni kuendesha watalii. Siku sita porini, siku mbili tatu nyumbani Ilboru, Arusha, kisha simu ya ofisi inaita tena. Ndani ya Serengeti mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Njiani kwenda huko kila kijiji kina kibao chake cha 50, na mbele kidogo ya kibao, chini ya mti wenye kivuli kizuri, yupo askari na tochi yake. Gari nalo limefungwa kifaa cha kufuatilia. Ukizidisha mwendo, ofisini wanajua kabla hujafika Makuyuni.

Sasa mtu kama huyo akirudi nyumbani, akaoga vumbi, akala, halafu akawasha kompyuta akaanza kukimbiza chombo kinachoelea kwenye barabara iliyoning'inia angani, watu wa nyumbani wana haki ya kushangaa. Mke wangu husimama mlangoni na taulo begani. "Baba Neema, siku sita hukutosheka na usukani?"

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, aliuliza swali zuri zaidi. Alitazama skrini kwa muda, akakunja uso: "Mjomba, hilo gari halina matairi. Sasa linashika barabara na nini?"

Halishiki. Utamu wote uko hapo.

Gari la matairi ukilikata kona, mpira unang'ata lami na mwili unafuata. Chombo kinachoelea hakina cha kung'ata nacho. Unakata kulia, pua inatazama kulia, lakini chombo chenyewe kinaendelea kwenda kule kilikokuwa kinakwenda, kama ng'ombe anayevutwa kamba shingoni huku miguu imekataa. Ndiyo maana kuna breki mbili. Usidhani ni breki za upepo kama za Scania. Hizi ni za mabawa, kitufe kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Ukibana cha kulia, kipande cha bawa la kulia kinainuka, kinakamata hewa, upande ule unakuwa mzito, na mkia unazunguka. Ukibana kidogo unapinda kidogo. Ukibana mpaka mwisho umejitia ukutani mwenyewe.

Kila mgeni hukosea pale pale: anabana akiwa ameshaingia ndani ya kona, na hapo amechelewa. Kwenye njia ninayoipenda kuna mahali unashuka kilima, unarushwa hewani, na unapotua tu kona ya kushoto imekufungulia mdomo. Ukisubiri kutua ndipo ufikirie kona, ukuta umekupokea. Inabidi uinue pua ukiwa bado hewani ili tumbo lisikwaruze, na ubane breki ya kushoto kabla hujagusa chini, yaani unapinda mahali ambapo bado hujafika. Nilikaa na kona hiyo moja wiki mbili za masika, Aprili, wakati wageni hakuna na sisi madereva tunaishi kwa akiba na kwa ahadi. Wiki mbili, kona moja. Mtu aniambie tena kwamba huu ni mchezo wa watoto.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kuna dhana kwamba gemu za mbio ni za vijana kwa sababu wana vidole vyepesi na damu ya moto. Kwa za magari ya kawaida sibishi sana. Hizi za vyombo vya kuelea ni za watu wazima. Damu ya moto inakuumiza humu. Anayeshinda ni yule aliyeachia mafuta nukta moja mapema huku wenzake wakiona ni mwoga.

Nililijua hilo kabla ya kompyuta, nililijulia Ndutu. Februari, nyumbu wanazaa, mvua ilinyesha usiku kucha. Ule udongo mweusi wa kule ukilowa, Land Cruiser nzima na watu wake inakuwa sabuni juu ya sahani. Nilikuwa na wageni wanne nyuma, kamera shingoni. Mkia ukaanza kunipita upande wa kulia, taratibu, bila kelele. Dereva mpya hapo anakanyaga breki, na akikanyaga tu, gari linakaa ubavu kwenye mtaro mpaka trekta ije. Unachotakiwa kufanya ni kuliacha lielee, usukani ulegeze kuufuata mkia, mguu wa mafuta uwe kama unakanyaga yai. Wageni walinyamaza kama wako kanisani. Kwa hiyo sisemi gemu imenifundisha kuendesha. Tope ndilo lililonifundisha gemu.

Mara ya kwanza kuiona gemu ya namna hii nilikuwa mtoto, Ngarenaro, kwenye banda la mabati lenye PlayStation mbili na TV za chogo. Ilikuwa Wipeout 2097, ile ya mwaka 1996 kutoka kwa Psygnosis, watu wa Liverpool. Mwenye banda alikuwa anaiweka asubuhi tu, kabla machalii hawajajaa, kwa sababu haikuwa inamwingizia chochote. Wakati ule nilidhani watu hawakuipenda kwa kuwa ni ngumu. Siku hizi naona sababu ilikuwa waya. Mpira unachezwa na wawili kwenye mashine moja, pedi mbili, kumi nyuma wanapiga kelele na kuwekeana dau, na kila dakika chache hela inaingia. Ile ya vyombo, ili wawili washindane, ilitaka PlayStation mbili, TV mbili na waya maalumu wa kuziunganisha. Mwenye banda gani Ngarenaro angewapa watoto wawili mtaji wake wote kwa shilingi mia mbili? Basi ikawa inachezwa na mtu mmoja, na hakuna anayelipa kumtazama mwenzake akigonga kuta.

Na hiyo ilikuwa ya huruma. Toleo la kwanza, la 1995, ukigusa ukuta tu unakaribia kusimama kabisa, wenzako wote wanapita. Hiyo ya 1996 ilikuruhusu angalau kukwaruza ukaendelea.

Studio iliyokuwa inazitengeneza ilifungwa mwaka 2012. Ninayocheza sasa inaitwa BallisticNG, ilitoka 2018, imetengenezwa na watu waliokulia kwenye zile za zamani na wakaamua ionekane hivyo hivyo, picha za kona kona kama za TV ya chogo. Niliinunua wakati wa punguzo kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu, nikaipakua usiku kwa bando la usiku, na tangu hapo haijanidai intaneti. Kwa mtu anayekaa Ilboru hilo si jambo dogo. Umeme ndio wenye tabia zake, ila kompyuta ni ya mkononi, betri inanivusha mizunguko kadhaa gizani. Muziki wake ni mzuri, wa mdundo wa disko za Ulaya, lakini mimi nauzima naweka Weusi, wale wana hip hop wa Arusha. Chombo kinakwenda vizuri zaidi na watu wa nyumbani.

Kompyuta yenyewe ni mtumba, haina kadi ya picha ya maana, na ikizidiwa feni inalia kama mashine ya kukoboa. Kijana wangu anaidharau. Anaonyesha kwenye simu yake magemu mapya ambayo unaona hadi jasho la dereva, ananiambia, "Mjomba, hizi zako ni za kale." Humo tumebishana sana, na sijabadilika. Kasi na urembo havikai nyumba moja. Nintendo walilijua hilo mapema: F-Zero, gemu yao ya vyombo vya kuelea ya 1990, haikuwa na umbo la kweli hata kidogo, barabara ilikuwa picha bapa inayozungushwa kama mkeka, na bado ukicheza unainama kwenye kona na mwili wako. Walipotoa F-Zero X mwaka 1998 wakaamua kabisa kupunguza mapambo ili vyombo 30 vikimbie pamoja na picha 60 kila sekunde bila kukwama. Mandhari yake ni makavu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Lakini inakimbia! Jicho halihitaji jasho la dereva, linahitaji picha inayofuata ifike kwa wakati. Nimepunguza ukubwa wa picha kwenye kompyuta yangu mpaka herufi zinasomeka kwa shida, na sijutii.

Kuna jambo moja linanikera, nalisema ingawa ni la kizamani. Wipeout ile ya 1995 ilikuwa na njia saba: Kanada, Ujerumani, Japani, Urusi, Marekani, Greenland, na ya saba iko sayari ya Mirihi. Mirihi! Walioziwaza mbio za mwaka 2052 walivuka anga nzima kwenda kutafuta pa kuchimba barabara, wakalipita bara letu juu kwa juu bila kuchungulia dirishani. Miaka fulani hilo liliniuma. Siku hizi nimepoa kidogo, maana nawajua watu wa kuchora Afrika, ndio wanaonilipa mshahara kwa namna fulani. Wangetuwekea njia yenye mgunga mmoja, jua jekundu, na simba amekaa juu ya jabali. Heri Mirihi.

Mimi ningeweka ya kwetu: kutoka Mianzini kupanda hadi juu Ilboru. Mawe, mifereji ya mvua katikati ya barabara, toyo mbili zinashuka injini zimezimwa kuokoa mafuta, mama na ndoo ya ndizi anavuka bila kutazama. BallisticNG inaruhusu mtu kutengeneza njia zake mwenyewe na kuziingiza. Nimefungua hivyo vifaa vyake mara moja, nikaona vitufe vingi kuliko chumba cha rubani, nikafunga. Kijana wa kidato cha tatu ameambiwa ni mradi wake wa likizo. Amesema atafikiria.

Yeye ndiye aliyeniuliza pia kwa nini tusiwe na hovakrafti za kweli Arusha, barabara zilivyo mbovu. Wazo zuri mpaka ulichunguze. Za kweli hazielei kwa uchawi wa karne ijayo. Christopher Cockerell, Mwingereza, alijaribu wazo lake miaka ya 1950 kwa kopo la chakula cha paka ndani ya kopo la kahawa, hewa ikisukumwa katikati ya makopo mawili, na Julai 1959 chombo cha kwanza kikubwa, SR.N1, kikavuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kinapanda juu ya mto wa hewa inayopulizwa chini yake. Baharini safi. Sasa kilete Ilboru: kwanza hewa hiyo itafukuza vumbi lote la mtaa liingie kwenye nguo za majirani, pili, kwa kuwa hakishiki ardhi, ukikielekeza kupanda Meru kitashuka taratibu chenyewe kinyumenyume mpaka Mnara wa Saa. Alicheka mpaka akalalia kochi. Halafu akachukua kompyuta akajaribu, akagonga ukuta mara kumi na moja, akasema gemu ni mbovu, akaenda kulala.

Hiyo ilikuwa mwisho wa likizo yake. Wiki hiyo akarudi bweni, na mimi nikapata safari ya siku sita.

Kwenye mchezo wa kushindana na muda, BallisticNG inakuonyesha kivuli: chombo chepesi, kama moshi, kinachorudia mzunguko bora uliowahi kukimbiwa kwenye kompyuta hiyo. Kwa miezi kivuli hicho kilikuwa mimi mwenyewe. Nakijua. Kwenye ile kona ya kutua kinakaa kulia kabisa, karibu kinalamba ukuta, kisha kinaingia.

Jumamosi nimerudi kutoka Serengeti, nimeoga, nimewasha. Kivuli kimefika kileleni, kikaruka, na hakikwenda kulia. Kimekaa katikati, kikabana kushoto kikiwa bado juu sana, mapema kuliko nilivyowahi kuthubutu, kikapotea. Sekunde moja na nusu mbele ya muda wangu bora.

Nimempigia kijana kupitia simu ya mwalimu wa zamu. Anaapa hajaigusa tangu zile kuta kumi na moja, na kweli siku hizo zote alikuwa bweni. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili wa kuulizwa, Neema wa miaka tisa na mama yake, na wote wawili wanasema hawajui hata inawashwaje.