Mkimbiaji akikonda, nani anamuuliza?

Hapa Mwanza ukipungua kilo tatu tu, utakoma. Mama wa genge atakuuliza unaumwa nini, shangazi atapiga simu kutoka Magu, na majirani watanong'ona yale yale wanayonong'ona kuhusu kukonda tangu miaka ya 1980. Lakini vaa bukta na raba, uonekane alfajiri ukikimbia Capripoint: kukonda kulekule kunageuka sifa. "Umekuwa mwepesi, mwanangu! Medali hiyo inakuja."

Maneno hayo aliambiwa binti mmoja ninayekimbia naye. Tukimaliza, kundi zima huishia kwa mama chapati. Yeye huagiza sturungi isiyo na sukari. Chapati anaichanachana vipande vidogo vidogo, anavizungusha kwenye sahani, mwisho anavila mtoto wa mama chapati. Mwanzoni nilidhani amefunga. (Aliyefunga hanywi sturungi, najua, lakini saa moja asubuhi akili yangu huwa bado imelala.)

Na kasi yake ilipanda kweli. Mtego uko hapo: miezi ya kwanza mwili mwepesi unakimbia vizuri, kila mtu anaona dawa imekubali. Kocha wa huyo binti na wenzake ana mzani wa bafuni. Jumamosi anawapanga mstari, anasoma kilo kwa sauti, aliyepungua anapigiwa makofi. Pale soko la samaki la Mwaloni sangara akipungua kilo mwenye mali anakunja uso. Sisi tunamshangilia binti wa miaka 19.

Kisha muundi ukaanza kumuuma. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki tatu baadaye, ikaonyesha ufa kwenye mfupa, na hakuanguka wala kugongwa. Nesi akamuuliza siku zake aliziona lini mara ya mwisho. Miezi minane. "Nilijua ndiyo mazoezi yamekolea," alijibu.

Mwili usioshiba unabana matumizi kama kaya iliyoishiwa. Homoni za uzazi zinashuka, hedhi inakatika, na homoni hizohizo ndizo zinazolinda mifupa. Wanaume wasicheke: mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipatia tatizo hili jina pana zaidi, lisilo la wanawake peke yao, kwa sababu nao linawapata. Mmarekani Mary Cain, aliyekimbia fainali ya mita 1500 ya mashindano ya dunia Moscow 2013 akiwa na miaka 17, alieleza mwaka 2019 kwamba alikosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano huku akisukumwa apungue. Huyo alikuwa kwenye kundi tajiri kabisa. Sisi tuna mzani wa bafuni.

Mtaniambia mbona Simbu ni mwembamba, na ndiye bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Ni kweli. Lakini kuna wembamba unaokuja wenyewe kwa mtu anayekimbia na kula, na kuna wa kuutafuta kwa kulala njaa. Kwa macho hutautofautisha. Ndiyo maana nasema mzani ule ukae kabatini, na kocha aulize mambo mawili: umekula nini, na siku zako zinakuja? Kama la pili anaona haya, pale uwanjani hakosekani mama mmoja wa kumsaidia kuuliza.

Juzi binti alikuja, kutembea tu. Akaagiza chapati mbili na maharage. Moja aliimaliza. Ya pili aliifunga kwenye gazeti, akasema ataila nyumbani.