Molekuli haijui imetoka shambani au kiwandani
Makala moja niliyosoma inasema ladha za mimea hazina neno, za maabara ndizo hatari. Si kweli, na inaniuma kuona wasomaji wakiaminishwa hivyo. Methileujenoli, kemikali ya ladha na harufu iliyomo kwenye mrehani na kungumanga, ni molekuli ileile inayotengenezwa kiwandani. Mwaka 2018 Marekani iliondoa ruhusa ya kutia ile ya kiwandani kwenye vyakula, kwa kuwa iliwapa panya saratani. Mrehani wenyewe haukuguswa. Tena kipimo cha Ames, kile kinachotumia bakteria wa salmonela kuona kama kemikali inaharibu DNA, kwa kawaida hakiinasi methileujenoli, maana ubaya wake huzaliwa ndani ya ini: vimeng'enya vya ini huibadilisha, ikaganda kwenye DNA. Kipimo kimoja hakitoshi kabisa! Mrehani nitaendelea kula, kiasi cha jikoni ni kidogo. Ninaowahofia ni wanaokunywa mafuta yake makali kama dawa.