Anga la kitabuni na anga la kwetu

Tangu niseme kwamba nasomea urubani huku Marekani, ujumbe ninaopata kutoka nyumbani ni wa aina mbili. Kuna wa "kumbe umetajirika", na kuna wa "ukimaliza urudi utubebe". Ule wa kwanza naupita tu. Huu wa pili ndio ulionikalisha kuandika, kwa sababu miezi minne iliyopita ningejibu "nakuja" bila hata kufikiri, na leo sithubutu.

Ninachosoma ni masomo ya ardhini, yale ya darasani, kwa ajili ya leseni ya rubani binafsi. Leseni hiyo inakuruhusu kuruka kwa shughuli zako na kuwabeba jamaa na marafiki, ila si kwa malipo. Sheria ya FAA, mamlaka ya anga ya huku, inataka uwe na umri wa miaka 17, uruke saa zisizopungua 40, 20 kati ya hizo ukiwa na mkufunzi na 10 ukiwa peke yako, na ufaulu mtihani wa maandishi wenye maswali 60. Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Hakuna aliyeniuliza cheti cha fizikia wala nilimaliza shule na daraja gani. Walichotaka ni niweze kusoma, kuandika, kuongea na kuelewa Kiingereza, basi.

Jioni ya kwanza nilikaa katikati ya mama mstaafu na kijana wa miaka 16 ambaye bado analetwa na baba yake kwa gari. Nyuma yetu alikuwa fundi bomba aliyekuja na nguo za kazi. Nilikua nikimwona rubani kama mtu wa kofia na mabega yenye mistari, mtu unayemwona kwa mbali akipita uwanjani na begi lake la magurudumu. Huku ni fundi bomba, na anauliza maswali mazuri kuliko mimi.

Jambo hilo nalisifu waziwazi. Kitabu kikuu cha masomo kimetolewa na mamlaka yenyewe na unakipata bure mtandaoni, kurasa zote. Ripoti za uchunguzi wa ajali ziko wazi kwa yeyote mwenye muda wa kuzisoma. Kuna hata mfumo unaoendeshwa na NASA tangu 1976, ambao rubani akikosea anaandika kilichotokea, jina lake linaondolewa, na wengine wanajifunza. Mkufunzi wetu alitusimulia mwenyewe siku aliyoruka na kifuniko cha tangi la mafuta hakijafungwa, jinsi alivyoona mafuta yakivutwa na upepo juu ya bawa, na jinsi alivyorudi akitetemeka. Mimi nimesoma shule ambazo mwalimu akikosea ubaoni unanakili lile kosa na kushukuru.

Kwa hiyo nilivimba kichwa. Nilidhani nimeshika urubani wenyewe, wa dunia nzima.

Binamu yangu ndiye aliyenipunguza. Yeye alisomea nyumbani, Afrika Mashariki, na ana leseni kabla yangu, ingawa kwa umri namzidi miaka sita. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nikupe swali dogo. Uwanja uko futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto digrii 28. Ndege ya viti vinne, watu wanne, matangi yamejaa. Unaruka?" Nikajibu haraka: viti vinne, watu wanne, njia ya kurukia ni ndefu, kwa nini nisiruke? Akacheka mpaka sauti ikakatika. Kisha akasema, "Fanya hesabu, halafu unipigie."

Nikakaa mezani na kalamu. Kitabu kinasema katika hali ya kawaida joto usawa wa bahari ni digrii 15, na linapungua digrii 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 5,500 zinapungua 11, kwa hiyo hali ya kawaida pale ni digrii 4. Joto halisi ni 28, limezidi kwa 24. Kila digrii iliyozidi unaihesabu kama futi 120 hivi, kwa hiyo 24 mara 120 ni 2,880. Jumlisha na zile 5,500, unapata 8,380. Yaani magurudumu yako ardhini, lakini bawa, pangaboi na injini vinafanya kazi kama viko karibu futi 8,400 angani, kwenye hewa nyepesi. Injini isiyo na kisukuma hewa (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo robo ya nguvu imeondoka kabla hujaachia breki. Na kile kitufe chekundu cha kupunguzia mafuta, ambacho huku nimefundishwa kukisukuma mpaka mwisho kabla ya kuruka, pale ukikisukuma mpaka mwisho unaizamisha injini kwa mafuta na nguvu inapungua zaidi.

Hapo sijagusa uzito. Viti vinne havimaanishi watu wanne na matangi kujaa. Lita moja ya petroli ya ndege ina kilo 0.72 hivi, na ndege ndogo nyingi zinakulazimisha uchague kati ya mafuta na mtu wa nne hata ukiwa pwani.

Nikampigia. Nikamwambia siruki, au naruka saa moja asubuhi na watu wawili. Akasema, "Ndiyo, sasa unaongea kama mtu wa kwetu."

Msinielewe vibaya. Kitabu hakikudanganya, hesabu hiyo imo, na Marekani wana viwanja vya juu kuliko vyetu. Leadville, kule Colorado, uwanja uko futi 9,934. Lakini mimi nasomea mahali tambarare karibu na bahari, na darasani suala hili lilichukua dakika ishirini, tukajibu maswali matatu ya chati, tukasonga mbele. Tukatumia jioni mbili nzima kwa pande za hewa baridi na hewa ya moto zinapokutana, mvua gani inatangulia na upepo unageuka vipi zikishapita. Kwa binamu ni kinyume kabisa. Mambo ya kukutana kwa pande hizo aliyasoma akayajibu kwenye karatasi, na angani hajawahi kuyaona. Hesabu ya joto na mwinuko anaifanya kila siku, kama mwenye duka anavyohesabu chenji.

Na hali ya hewa ndipo hasa nilipoona kitabu kimeandikwa na mtu anayetazama dirisha la kwake. Kinafundisha kwamba upepo wa juu hufuata mistari ya presha kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Sawa, lakini nguvu hiyo karibu na ikweta inafifia mpaka inakuwa kama haipo, na ule ujanja wa kusoma upepo kutoka kwenye ramani ya presha unakuangusha. Kwetu mvua inakuja na ule ukanda wa mawingu unaopanda na kushuka kulifuata jua. Inakuja na milima. Inakuja na Ziwa Victoria, ambalo mchana upepo wake unasukuma ngurumo kwenda nchi kavu, na usiku upepo wa nchi kavu unarudi ziwani na dhoruba zinajengeka juu ya maji. Ajuaye hilo ni aliyelala kando ya ziwa akaona radi za saa tisa usiku. Darasani kwetu ziwa hilo halikutajwa, na sikutegemea litajwe.

Dira nayo. Huku tumekaririshwa: ukiwa unaelekea mashariki au magharibi ukaongeza kasi, dira inadanganya kwamba unageuka kaskazini, na ukipunguza inadanganya kusini. Nikaimba hivyo wiki nzima. Kumbe ukivuka kwenda upande mwingine wa sumaku ya dunia, uongo wa dira unageuka. Na kwa upande wa Afrika, mstari ambao sindano inalala sawasawa unapita kaskazini ya ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya kwetu iko upande wa kusini wa mstari huo. Wimbo wangu kwetu ni wa kinyumenyume.

Machweo ni hatari nyingine ambayo mgeni wa huku haioni. Mwezi wa sita hapa jua likizama bado una muda wa kutafuta uwanja kwa macho. Kwetu halina huruma. Likishazama, nusu saa haipiti ni giza totoro. Vipimo ni kelele tupu: presha ya kawaida unayoiwekea altimita, kile kipima mwinuko, huku inaandikwa inchi 29.92, kwingine hektopaskali 1013, ni kitu kile kile, ukichanganya umejitakia.

Tena kuna barafu, ambayo watu wa nyumbani wanaicheka. Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta yanapoza hewa sana, na kama hewa ina unyevu, barafu inaganda humo ndani hata nje kukiwa na joto la digrii 30. Ni somo la huku ambalo nchi za joto zinalihitaji kuliko zinavyodhani. Binamu hapa alinisikiliza kimya, nikafurahi kidogo.

Lugha nayo ina mengi. Redioni ni Kiingereza na sina ugomvi, kwani shirika la kimataifa la anga, ICAO, limeweka kiwango na mwongozaji wa mnarani lazima aeleweke. Ila kuelewa ni jambo jingine. Kuna ile hali ambapo rubani anainua pua mno, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa, na ndege inaanza kuporomoka. Neno la Kiingereza la hali hiyo, "stall", ndilo hilo hilo wanalolitumia gari likizimika, na nusu ya darasa letu, wenye lugha yao, walidhani injini imezimika. Mimi nilijiandikia pembeni "bawa limeacha kubeba", na sikuchanganyikiwa hata siku moja. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa na bawa limeacha kubeba. Dawa ni kushusha pua ili bawa lishike hewa tena, hata kama ardhi unaiona inakuja.

Mwaka 1921 Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alipata leseni yake Ufaransa kwa sababu shule za kwao zilimfungia mlango. Alijifunza Kifaransa kwanza, ndipo akavuka bahari. Aliporudi alitaka kufungua shule ya watu wake, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1926 kabla hajaifungua. Sisi wa leo tunavuka kwa upande mwingine, na tunaorudi wengi wetu tunarudi na leseni tu. Nadhani tumekosea tunapodhani leseni ya nje ndiyo elimu kubwa na ya nyumbani ni ya kuanzia. Anayerudi akae chini kwa mkufunzi wa nyumbani kabla hajambeba mtu, hata kama ana saa 200. Na hao wakufunzi wa nyumbani, ambao wana miaka thelathini ya ziwa na milima kichwani, waandike. Wasipoandika, tutaendelea kukariri dirisha la mtu mwingine.

Mimi nimeanza na binamu. Kila Jumapili ananitumia swali moja la kwetu, nami namtumia ripoti moja ya ajali ya huku, tunabishana. Mtihani wangu ni wiki ijayo. Swali la dira likija nitalijibu la kaskazini, maana ndilo wanalolitaka. Ameshanionya kwamba jioni ile ile atanipigia aniulize la kusini.