Hita Haijafa, Fundi

Jumapili usiku, saa nne na nusu, nimesimama stoo nyuma ya jiko hapa Mwanga, Kigoma, mkononi sketi ya shule ya binti yangu. Imezunguka kwenye draya, ile mashine ya kukaushia nguo, kwa karibu saa mbili. Imetoka ya moto, na imetoka mbichi. Vyote viwili. Kama kile kitambaa wanachomkandia mzazi. Kesho Jumatatu, mstarini saa moja kasoro, na nje mvua inalipiga bati kama inalidai.

Na hapo fundi nilishamlipa tangu Alhamisi. Shilingi 85,000, "hita mpya".

Najua mnavyocheka. Kigoma, na jua lote lile, draya ya nini? Haya, chekeni. Kuanzia Juni mpaka Septemba sina hoja. Kitenge ukikianika saa nne, saa sita unakikunja. Lakini njooni Januari. Unaanika, unaanua, unaanika, unaanua, siku ya tatu shuka limeota kawa. Halafu kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Aliyewahi kumkamua mtoto jipu la mgongoni, likatoka funza mzima anajinyonganyonga, haulizi draya ni ya nini. Mama yangu alikuwa anatupigia pasi ya mkaa mpaka chupi, na wala hakuwa anatafuta unadhifu.

Turudi kwa fundi, maana ndiye aliyenikalisha kuandika. Alikuja na bisibisi moja na kujiamini kwingi. Akawasha, akasikiliza pipa likizunguka, akagusa nguo moja. "Bosi, hita imekufa." Hakuivuta mashine kutoka ukutani. Hakuinama. Hakuuliza bomba linaishia wapi. Mji huu pasi ikigoma hita, birika likigoma hita, nadhani hata boti ya Kalemie ikichelewa ni hita. Sasa nikuulize, wala huhitaji ufundi, mkono tu unatosha: hita iliyokufa inaunguzaje? Kama hita ingekuwa imekufa, ile nguo aliyoigusa ingekuwa ya baridi, si ya moto. Hilo nami nilipaswa kuliona kabla sijafungua pochi. Sikuliona, kwa sababu mtu akikutamkia neno la kifundi kwa sauti nzito akili inakaa pembeni.

Jumatatu mchana akaja shangazi. Huyu amekausha dagaa pale Kibirizi tangu sijazaliwa. Aliingia stoo kutafuta ungo, akatoka upesi.

"Mwanangu, humo ndani mnapika nini? Mbona kuta zinatoka jasho?"

Nikamweleza habari za draya, za hita, za elfu themanini na tano. Akaguna. "Mimi dagaa nikiwafunika turubai wakiwa wabichi, jua liwake linavyowaka, jioni nawamwaga. Huo ungo uko wapi?"

Alipoondoka nikachomoa plagi, nikaivuta ile mashine.

Bomba lake ni lile jeupe la mikunjo, linalorefuka kama kiwavi. Mita 4. Limetoka nyuma ya draya, likalala sakafuni nyuma ya gunia la mkaa, likafanya tumbo, ndipo likapanda dirishani. Nikalinyanyua lile tumbo, nikasikia maji yanacheza ndani. Nikalichomoa upande mmoja nikaliinamishia ndoo. Yakatoka maji ya kijivu, karibu nusu ya ndoo ndogo, pamoja na nyuzi za nguo zilizolowa zikawa kama uji wa ulezi uliopoa. Kule dirishani mambo yalikuwa mabaya zaidi, na kule ni kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimefunga wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba. Nilijiona mjanja kweli siku ile. Nyuzi zikawa zinanasa pale kidogo kidogo mpaka zikawa blanketi. Nililibandua kwa ukucha likatoka kipande kizima, kama utando wa maziwa.

Kwa hiyo mashine ilikuwa inapumua huku imezibwa mdomo. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea. Draya haiui maji. Hakuna mashine inayoua maji. Inayatoa kwenye nguo na kuyahamishia hewani, basi. Nilipima kwa mzani: nguo kavu kilo 4, zikitoka kukamuliwa kilo 6 na nusu. Hizo kilo 2 na nusu ni lita 2 na nusu za maji ambazo zina safari ya kwenda, na kama hukuzifungulia njia zitajichagulia wenyewe pa kukaa. Zangu zilijigawa. Nyingine zilifika kwenye bomba refu lililolala juu ya saruji ya baridi, mvuke ukapoa, ukarudi kuwa maji, maji yakajaa tumboni, hewa ikakosa pa kupita. Nyingine zilitorokea kwenye maungio, zikaja kuchora ramani nyeusi kwenye jipsamu yangu. Zilizobaki zikazunguka humohumo na sketi. Hita inafanya nini hapo? Inapasha moto mvuke uleule, na Luku inakimbia. Ungeweka hita tatu, ungepata nguo mbichi zenye moto zaidi.

Mpaka leo linaniudhi hilo: kubadilisha kipuri ni rahisi kuliko kuinama. Kipuri kina bei, kuinama hakuna bei. Mtu akikwambia "nimeondoa tumbo kwenye bomba" unaona aibu kumlipa, ndiyo maana hakuambii. Kosa hilo ni letu sisi wateja, nalikubali shingo upande.

Nilikwenda kwa fundi bati sokoni, akanikunjia bomba la upana wa sentimita 10, urefu mita 1 na kidogo, limenyooka, linainamia nje kidogo ili mvuke ukigeuka maji ndani yake ukadondokee uani badala ya kurudi kwenye mashine. Mdomoni akaweka kifuniko cha bawaba. Upepo wa draya unakisukuma, mashine ikizima kinajifunga, mbu wabaki huko huko. Na bati haliyeyuki, maana zile nyuzi zikikauka karibu na joto ni kiberiti. Siku hizi mlango wa stoo nauacha wazi, kwani hewa inayotoka lazima iwe imeingia. Ukiifungia draya kwenye chumba kisicho na tundu umeifunika turubai. Sketi zilezile sasa ni dakika 50.

Rafiki yangu wa Tabora ana ile isiyo na bomba, ya tanki: inapoza mvuke ukawa maji, yakaingia kwenye tanki. Analalamika tanki halijai na chumba kimekuwa bafu. Ndugu yangu, tanki lisipojaa na nguo zisipokauka, mvuke haupozwi: vuta kile kipoozea chini ya mashine, kioshe kwa maji ya bomba, na usiiweke kwenye kijichumba chenye joto kama tanuru ukategemea ipoze kitu. Wengine draya inazima mapema nguo zikiwa na unyevu: ndani ya pipa kuna vipande viwili vya chuma vinavyohisi maji, dawa ya kulainishia nguo huvipaka utando, futa kwa kitambaa na siki. Filta ya mlangoni safisha kila mzunguko. Hata sisemi zaidi. Na nguo za kukamua kwa mkono zinazochuruzika, hizo hazijawa tayari kwa draya. Zipitishe kwanza kwenye kikamulio cha mashine ya kufulia, umeme wa kuzungusha pipa ni mdogo kuliko wa kuchemsha maji.

Nimtendee haki fundi kwa jambo moja. Aliponipigia, nikamwambia yaliyonikuta, akajitetea: "Lakini bosi, umeme wa jioni huku kwenu nao ni mdogo." Ni kweli. Hita ya wati 2,400 kwenye volti 230, ukiilisha volti 180 inakupa kama wati 1,470, ndiyo maana saa mbili usiku kila kitu kinasuasua. Sasa mimi nakausha mchana. Angelisema hilo Alhamisi ningemlipa usafiri kwa moyo mweupe.

Ile hita ya zamani, "marehemu", aliiacha kwenye dirisha la jiko. Jana nimeazima mita ya kupimia umeme kwa jirani nikaipima. Ukinzani wake ni omu 22, sawasawa na inavyotakiwa kwa hita ya ukubwa ule. Nimeifunga kwenye gazeti, nimeiweka kabatini. Fundi ameahidi kupita Jumamosi kuichukua, eti kuna mteja Gungu anaihitaji.